Ruhusa Bila Kipimo

Wizi wa nywila wa kwanza unaokumbukwa vizuri katika historia ya kompyuta ulitokea mwaka 1962 katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, MIT, na kilichoibwa hasa kilikuwa muda. Miezi michache kabla yake, Novemba 1961, Fernando Corbató na wenzake walikuwa wameonyesha CTSS, mfumo ulioiwezesha kompyuta moja kubwa ya IBM kuhudumia watu kadhaa kwa zamu za haraka, hata kila aliyeketi mbele ya mashine yake ya kuchapia akajiona anaimiliki peke yake. Kila mtumiaji alikuwa na jina, mafaili yake na nywila ya kuyalinda. Alikuwa pia na mgao. Allan Scherr, mwanafunzi wa uzamivu aliyechunguza mwenendo wa mifumo ya aina hiyohiyo, alitengewa saa nne kwa wiki, na programu zake zilihitaji zaidi ya hapo. Mfumo ulimruhusu mtu kuomba faili lichapishwe kwa kupeleka kadi iliyotobolewa yenye namba ya akaunti na jina la faili. Usiku wa Ijumaa moja Scherr akapeleka kadi yenye jina la faili la nywila. Alfajiri ya Jumamosi akaenda kwenye kabati la machapisho, akachukua orodha nzima, akaendelea kula saa za wenzake. Mwenyewe aliyasimulia hayo hadharani miaka mingi baadaye.

Kisa hiki hutajwa kama kichekesho cha usalama, na ni kichekesho kweli. Lakini kina ushahidi ambao wasimuliaji huupita haraka. Katika mfumo ule wa mwanzo, swali la nani aone nini na swali la nani atumie kiasi gani yaliishi nyumba moja: akaunti ileile iliyomfungulia mtu mafaili ndiyo iliyohesabu dakika zake. Hata upangaji wa kazi ndani ya mashine ulikuwa na mgao wake. Programu mpya iliingia foleni iliyolingana na ukubwa wake, na isipomaliza ndani ya kipande chake cha muda ilishushwa foleni ya chini, ambako zamu zilikuwa chache lakini ndefu zaidi. Anayesimamia kanzidata leo anayajua mambo haya yote mawili, ila anayapata vipandevipande. Ruhusa anazitoa kwa amri zinazofanana karibu kila mahali, GRANT na REVOKE. Vikomo vya matumizi anaviweka kwa amri ambazo kila kampuni imejitungia. Hoja yangu ni kwamba utengano huu haukutokana na asili ya mambo. Uliletwa na kile ambacho watafiti wa miaka ya 1970 waliweza kukithibitisha kihesabu, na kile ambacho kamati za viwango ziliweza kukubaliana, na wasimamizi wamelipa gharama yake tangu wakati huo.

Tuanze na upande uliofaulu. Mwaka 1970 Edgar Codd wa IBM alichapisha makala yake juu ya kupanga data katika majedwali yanayohusiana. Miaka minne baadaye Donald Chamberlin na Raymond Boyce wakatoa lugha waliyoiita SEQUEL, mama wa SQL ya leo, na maabara ya IBM ya San Jose, California, ikaanza kujenga mfumo wa majaribio ulioitwa System R. Humo ndimo Patricia Griffiths na Bradford Wade walimotunga utaratibu wa ruhusa waliouchapisha mwaka 1976. Uzuri wake ulikuwa katika kugatua madaraka. Badala ya kila ruhusa kupita mikononi mwa msimamizi mmoja mkuu, aliyeunda jedwali ndiye aliyekuwa mwenyewe, na aliweza kumruhusu mwingine kulisoma au kulibadilisha, hata kumpa haki ya kuipitisha ruhusa hiyo kwa watu wengine. Mtu akiandika GRANT SELECT ON mishahara TO juma WITH GRANT OPTION, anamwambia Juma mambo mawili kwa pamoja: soma, na ukitaka wasomeshe wenzako.

Kutoa ni rahisi. Kazi ipo kwenye kunyang'anya. Chukua mfano huu. Asha, mwenye jedwali, anampa Juma ruhusa saa nne asubuhi pamoja na haki ya kuipitisha. Saa tano Juma anampa Neema. Saa sita Zuberi, ambaye naye alikwisha kuruhusiwa na Asha, anampa Juma ruhusa ileile. Jioni Asha anaiondoa ile aliyompa Juma asubuhi. Juma bado anasoma, kwa kuwa ruhusa ya Zuberi ingali hai. Je, Neema? Griffiths na Wade walijibu kwamba hali baada ya kuondoa iwe kama vile ruhusa ya asubuhi haikuwahi kutolewa. Isingetolewa, saa tano Juma asingekuwa na kitu cha kumpa Neema, maana ya Zuberi ilikuja saa moja baadaye. Kwa hiyo Neema anaondoka. Ili mashine ijue hivyo, lazima iandike si nani kampa nani tu, bali na wakati gani. Mwaka 1978 Ronald Fagin, naye wa IBM, aliipitia kanuni ya wenzake, akaonyesha mahali ilipohitaji marekebisho, na akaithibitisha iliyorekebishwa. Ndani ya miaka miwili sheria ya ruhusa ilikuwa imeandikwa, ikakosolewa, ikanyooshwa kwa uthibitisho. Taratibu chache za kiutawala, ndani ya kompyuta au nje yake, zimepata bahati hiyo.

Mgao haukupata bahati hiyo, na ajabu ni kwamba zana za kuupimia zilikuwa katika jengo lilelile, tena mkononi mwa mtu yuleyule. Patricia Griffiths, ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa jina la Selinger, ndiye mwandishi wa kwanza wa makala ya mwaka 1979 iliyoeleza jinsi System R inavyochagua njia ya kulijibu swali. Mfumo ulikadiria kurasa ngapi za diski zitasomwa na kazi kiasi gani itafanywa na prosesa, ukaunganisha makadirio hayo kuwa gharama moja, ukachagua njia yenye gharama ndogo. Karibu kila kanzidata ya majedwali iliyofuata imerithi wazo hilo. Maana yake, kufikia mwaka 1979 mfumo mmoja ulimjua anayeuliza, ulijua ameruhusiwa nini, na ulikuwa na makadirio ya uzito wa swali lake kabla ya kulitekeleza. Kilichokosekana ni sentensi moja ya lugha ya kuyaunganisha: fulani aulize, ila asiulize lenye gharama inayozidi kiasi hiki. Siwalaumu watafiti wale. Kadirio ni kadirio, na linaweza kukosea sana, ilhali ruhusa ama ipo ama haipo. Jambo la ndiyo au hapana linathibitika karatasini. La kiasi huishia kwenye mabishano, na mtafiti mwenye akili huanza na lile linalothibitika.

Kamati za viwango ziliupanua mwanya huo. Kiwango cha kwanza cha SQL kilipitishwa Marekani mwaka 1986 na kimataifa mwaka uliofuata. Kilikuwa na GRANT, lakini hakikuwa na REVOKE: kwa mujibu wa maandishi yake, ruhusa ungeweza kuitoa, na njia ya kuirudisha hukuandikiwa. Amri ya kuondoa iliingia rasmi mwaka 1992, na majukumu, yaani ruhusa zilizofungwa pamoja na kupewa jina ili zigawiwe watu wengi kwa mkupuo, yakaingia mwaka 1999. La kushangaza zaidi ni kwamba hata amri ya kumwandikisha mtumiaji, CREATE USER, ambayo kila msimamizi huiandika siku yake ya kwanza kazini, haimo katika kiwango. Kiwango kinachukulia kwamba watumiaji wapo. Wamefikaje hapo ni shauri la mtengenezaji. Lugha iliyokwepa kusema mtu anaandikishwaje isingetarajiwa kusema anakula kiasi gani.

Kwa hiyo kila kampuni ikashika njia yake, na hapo historia inanoga. Makundi ya watumiaji yalikuja mapema katika baadhi ya mifumo, kwa sababu hakuna ofisi inayoweza kuandika ruhusa mia kwa wahasibu mia. Oracle, ambayo awali ilikuwa na ngazi tatu tu za CONNECT, RESOURCE na DBA, ilileta majukumu kamili katika toleo la 7 mwaka 1992, mwaka uleule ambao David Ferraiolo na Richard Kuhn wa taasisi ya viwango ya Marekani waliwasilisha makala yao kuhusu ruhusa zinazofuata kazi ya mtu badala ya jina lake. PostgreSQL ilibaki na watumiaji upande mmoja na makundi upande mwingine hadi toleo la 8.1, Novemba 2005, ilipoviunganisha vyote kuwa kitu kimoja kinachoitwa jukumu. Jukumu linaweza kuingia kwenye kanzidata, linaweza kuwa mwanachama wa jukumu jingine, au yote mawili. CREATE USER na CREATE GROUP zimebaki kama majina mengine ya amri ya CREATE ROLE. Huu ni usafi wa fikra ninaoupenda: mtu na kikundi ni wapokeaji wa ruhusa, basi, na tofauti kati yao ni nani anaruhusiwa kufungua mlango.

Kwenye vikomo hakuna usafi wa namna hiyo. Ingres iliwahi kuweka kikomo ndani ya GRANT yenyewe. Msimamizi aliweza kumpa mtumiaji au kundi QUERY_ROW_LIMIT au QUERY_IO_LIMIT juu ya kanzidata, na swali ambalo makadirio yake yalizidi kiwango hicho likakataliwa kabla halijaanza. Ile sentensi iliyokosekana San Jose ilikuwa imeandikwa hapa, na haikusambaa. Oracle ilichagua kitu cha pembeni kinachoitwa profaili: unaiunda kwa CREATE PROFILE, unaandika idadi ya vikao kwa kila mtumiaji, muda wa prosesa kwa kila ombi ukihesabiwa kwa sehemu za mia za sekunde, na dakika za kukaa bila kufanya kitu, kisha unamvika mtumiaji profaili hiyo. Kwa miaka mingi lilikuwapo shimo ambalo wageni walitumbukia. Vikomo vya matumizi havikufanya kazi hadi kigezo kingine cha mfumo mzima, RESOURCE_LIMIT, kiwashwe, nacho kilikuja kimezimwa. Profaili iliundwa, amri ikajibu kwamba imefaulu, na hakuna kilichozuiwa. Toleo la 8 lilipoongeza masharti ya nywila, kama vile idadi ya majaribio kabla ya akaunti kufungwa, yaliwekwa ndani ya profaili hiyohiyo, na hayo yalifanya kazi bila kuhitaji kigezo kile. Amri moja, nusu yake inauma na nusu yake inabweka tu.

MySQL ilifuata njia ya Ingres kisha ikarudi nyuma. Katika toleo la 4.0 mtu aliweza kumalizia GRANT yake kwa WITH MAX_QUERIES_PER_HOUR na idadi. Kipimo hicho kinaeleweka ukikumbuka kwamba mfumo ulitumiwa sana na kampuni za kukodisha nafasi za tovuti, ambako wateja wengi walibanana kwenye seva moja. Udhaifu wake uko wazi: kinahesabu maswali, hakiyapimi. Mteja aliyeuliza maswali elfu mepesi alifungiwa, na aliyeuliza moja lenye kuunganisha majedwali makubwa matatu bila faharasa aliachwa aiangushe seva. Baadaye vikomo hivyo vikahamishiwa kwenye CREATE USER na ALTER USER, na toleo la 8.0 likaviondoa kabisa kwenye GRANT. PostgreSQL nayo inakuruhusu kuandika ALTER ROLE ripoti SET statement_timeout = '30s', na msimamizi mgeni hulala akiamini kwamba hakuna swali la kitengo cha ripoti litakalozidi nusu dakika. Lakini thamani hiyo ni ya kuanzia tu. Mtumiaji huyohuyo akishaingia anaweza kuandika SET statement_timeout = 0 na kuendelea hadi kesho, wala hahitaji ruhusa ya yeyote. Kikomo cha idadi ya miunganisho, CONNECTION LIMIT, hakibadiliki hivyo. Amri mbili zinazokaa jirani, moja ni kufuli na nyingine ni ushauri, na hakuna kitu katika umbo la maandishi yake kinachokuonya.

Kuna pingamizi zito la kwanza, nalo linasema kugawa prosesa na kumbukumbu ni kazi ya mfumo endeshi, kwa hiyo lugha ya data ilifanya vyema kutoingilia. Miaka ya 1970 jibu hilo lingekuwa na uzito. Lakini mwaka 1981 Michael Stonebraker, aliyeongoza Ingres pale Berkeley, aliandika makala mashuhuri akionyesha jinsi huduma za mfumo endeshi, kuanzia akiba ya kurasa za diski hadi upangaji wa kazi, zinavyoshindwa kuendana na mahitaji ya kanzidata. Mfumo endeshi unaona programu, hauoni maswali. Katika MySQL, mathalani, watumiaji wote wanahudumiwa ndani ya programu moja. Kwa mfumo endeshi, mhasibu na mchambuzi ni kitu kimoja kinachokula prosesa. Zaidi ya hapo, anayeshika kufuli za mistari akipunguziwa kasi huwapunguzia kasi wote wanaomsubiri, na mfumo endeshi haujui kwamba wanasubiri. Kipimo cha haki lazima kifanyike pale ambapo swali, mwenye swali na kufuli vinaonekana kwa pamoja, yaani ndani ya kanzidata.

Pingamizi la pili ni la kiwango chenyewe: sekunde ya prosesa ya mashine moja si sekunde ya mashine nyingine, kwa hiyo kamati isingeweza kuandika sheria ya ulimwengu mzima. Hili nalikubali nusu. Ni kweli kwa muda wa prosesa na kwa gharama ya makadirio, ambayo haina hata kizio kinacholinganishika kati ya mfumo na mfumo. Haiwi kweli kwa idadi ya vikao vya wakati mmoja, wala kwa idadi ya mistari inayorudishwa, wala kwa muda wa saa ya ukutani. Dakika kumi ni dakika kumi Dar es Salaam na San Jose. Kamati ingeweza kuandika hayo matatu na kuwaachia watengenezaji mengine. IBM ilithibitisha kwamba lugha inaweza kubeba zaidi ya hapo: Db2 9.5 ya mwaka 2007 ilikuwa na CREATE WORKLOAD ya kutambua kazi inatoka kwa nani, CREATE SERVICE CLASS ya kuiweka kwenye daraja lake, na CREATE THRESHOLD ya kusema lini isimamishwe, na hata haki ya kutumia mkondo fulani wa kazi ilitolewa kwa GRANT USAGE ON WORKLOAD. Mwaka uliofuata SQL Server ikaja na amri zake za mabwawa ya rasilimali na makundi ya kazi. Wazo ni moja, msamiati ni tofauti kabisa.

Pingamizi la tatu ndilo linalonisumbua zaidi. Tangu programu za wavuti zilipotawala, watumiaji halisi hawaingii tena kwenye kanzidata. Programu inaingia kwa akaunti moja, inashikilia miunganisho kadhaa, na kuwahudumia maelfu kwa jina hilo moja. Mfano ulio karibu nasi ni DHIS2, mfumo wa taarifa za afya unaotumiwa kitaifa Kenya na Tanzania. Mfamasia wa wilaya na ofisa wa wizara kila mmoja ana jina na majukumu yake, lakini hayo yameandikwa ndani ya programu. Chini yake PostgreSQL inaona mtumiaji mmoja, yule aliyetajwa kwenye faili la mipangilio. Kwa mpango huo kazi yote nzuri ya Griffiths, Wade na Fagin inakaa bila mwajiri, na mtu anaweza kuuliza kwa nini tujali vikomo vya mtumiaji mmoja mmoja. Nadhani hali hiyo inaipa hoja yangu nguvu. Ruhusa zilihamia kwenye programu kwa sababu programu iliweza kuzihesabu: nani aone wilaya gani ni jambo la ndiyo au hapana. Vikomo havikuweza kuhama, kwa sababu programu haijui swali lake litagharimu nini huko chini. Zikifika siku za kufunga robo mwaka na kila mtu anataka ripoti, mzigo unaangukia kanzidata, na kanzidata haina wa kumtofautisha. Dawa ambayo wasimamizi hutumia ni ya kale: kuunda akaunti mbili au tatu za kanzidata, moja ya kuingiza data, moja ya ripoti, moja ya wachambuzi, na kuipa kila moja vikomo vyake. Hayo ni makundi yamerudi, ila safari hii yamegawanywa kwa uzito wa kazi badala ya cheo cha mtu.

Lipo pia jibu la siku hizi, kwamba katika huduma za kukodi mashine kupitia intaneti mgao hauna maana, kwani ukizidiwa unaongeza mashine. Tazama amri za wanaouza huduma hizo. Katika Snowflake, nguvu ya kukokotoa imetenganishwa na data, na kuitumia kunahitaji ruhusa inayotolewa kwa GRANT USAGE ON WAREHOUSE. Pia ipo CREATE RESOURCE MONITOR, yenye CREDIT_QUOTA ndani yake, inayosimamisha kazi pale matumizi ya mwezi yanapofikia asilimia iliyowekwa. Muda wa juu wa swali moja, usipobadilishwa, ni sekunde 172,800, yaani siku mbili kamili, na kila saa ya siku hizo ina bei. Kiwango cha kimataifa cha SQL kilihuishwa mwaka 2023, kikapata aina rasmi ya data ya JSON na njia ya kuuliza mitandao ya uhusiano. Mgao haukuingia, wala CREATE USER.